Bunduki, Simu na Jina la Mmiliki

Mhadhara uliotolewa Mpanda mjini, mkoani Katavi, mbele ya madiwani, watendaji wa kata, walimu, wanafunzi na wananchi

    

Nimeombwa nizungumzie silaha zinazomilikiwa na raia. Tangu tangazo la mhadhara huu litoke, vijana wamenifuata na swali lile lile: je, mtu anaweza kununua bunduki kwa simu? Wameona video za Marekani. Mtu anachagua bunduki kwenye tovuti, analipa kwa kadi, na siku chache baadaye anatoka nayo kwenye duka la mtaani kwake. Swali ni halali na nitalijibu. Lakini kusudi langu la jioni hii ni pana kidogo. Nataka kuonyesha kwamba popote pale ambapo biashara hii ina utaratibu, kinachouzwa ni chuma, na kinacholindwa ni jina: jina la nani linatoka kwenye daftari na la nani linaingia. Nikishalisema hilo nitarudi hapa Katavi, kwa sababu naona tumeanza kuogopa simu huku tukiwa tumeiacha darini bunduki ya marehemu babu.

Hoja ya kwanza: mtandao umehamisha kabati la maonyesho, kaunta imebaki palepale.

Mwaka 1963 Mmarekani aliweza kukata kuponi kwenye jarida, akatia hawala ya posta ndani ya bahasha, na bunduki ikamfuata kwenye sanduku lake la barua. Ndivyo alivyofanya Lee Harvey Oswald mwezi Machi mwaka huo. Aliagiza bunduki ya Carcano, iliyotengenezwa Italia, kutoka duka la Klein's Sporting Goods la Chicago. Bei ilikuwa dola 19.95 pamoja na darubini yake, nauli ya posta mbali. Jina aliloandika lilikuwa A. Hidell, na halikuwa lake. Tarehe 22 Novemba Rais John F. Kennedy aliuawa mjini Dallas, na tume ya uchunguzi ikahitimisha kwamba aliuawa kwa bunduki hiyo.

Bunge lao lilibishana miaka mitano. Sheria ya Kudhibiti Bunduki ya mwaka 1968 ndiyo iliyokuja kukataza muuzaji wa jimbo moja kumtumia bunduki moja kwa moja mnunuzi asiye na leseni aliye jimbo jingine. Tangu hapo, bunduki inayonunuliwa mbali hutumwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya serikali kuu, aliye karibu na mnunuzi. Huyo hupokea mzigo, huandika namba ya bunduki kwenye daftari lake, huangalia kitambulisho cha mnunuzi, humjazisha fomu inayoitwa 4473, kisha hupeleka jina lake kwenye mfumo wa kukagua kumbukumbu ambao FBI waliuanzisha mwezi Novemba 1998. Jibu likiwa la kukataa, mzigo haukabidhiwi, hata kama pesa ilishalipwa. Kwa kazi hiyo hutoza ada yake, naye hulazimika kuonyesha daftari wakaguzi wakilitaka.

Sasa mnaona video zinakata wapi. Zinaonyesha kioo cha simu, zinaonyesha begi likitoka dukani, na ile fomu ya katikati inarukwa kwa sababu haina msisimko. (Kicheko.) Sisemi utaratibu wao hauna tundu. Upo mlango wa nyuma mkubwa: raia wawili wasio wafanyabiashara, wakazi wa jimbo moja, sheria ya serikali kuu haiwalazimishi kupita kwa mwenye duka, ingawa baadhi ya majimbo yameuziba mlango huo kwa sheria zao. Na mlango huo haukufunguliwa na intaneti. Ulikuwepo tangu zamani. Intaneti imewasaidia tu wauzaji na wanunuzi kuonana upesi zaidi.

Hoja ya pili: kaunta hiyo ilifika pande zetu kabla ya kufika kwao.

Wazee wa Karema watanisahihisha nikikosea njia. Mwezi Agosti 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya chama kilichoasisiwa na Mfalme Leopold. Mwaka 1885 kituo hicho kikaja mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe. Nchi yote hii wakati huo ilikuwa njia ya misafara. Bunduki zilipanda kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora zikasambaa kwa watemi, zikibadilishwa na pembe za ndovu na, tuseme ukweli, na watu. Mtemi Mirambo wa Urambo alijenga dola yake kwa bunduki hizo na kwa vijana wake wa rugaruga, hadi kifo chake mwaka 1884. Nani alikuwa na bunduki ipi, hapakuwa na daftari lolote lililojua.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Eneo lake lilikuwa Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, kwa hiyo sisi tulikuwa ndani kabisa. Mkataba ulitaka silaha zote zinazoingia ziwekwe kwenye ghala la serikali na zisitolewe bila ruhusa. Bunduki za kisasa zilifungiwa, isipokuwa kwa vyombo vya dola na kwa watu wachache waliotoa dhamana ya kutosha kwamba hawatampa wala kumuuzia mtu mwingine. Kila silaha ya mtu huyo iliandikwa na kugongwa alama, naye akapewa cheti chenye jina lake. Cheti kilidumu miaka mitano, kikahuishwa, na kingeweza kufutwa akionekana amekitumia vibaya.

Tazameni vipande hivyo: ghala, alama, jina, muda. Ni vile vile tunavyovijadili leo, tena miaka 78 kabla ya sheria ile ya Marekani. Lakini msiniambie kesho kwamba mhadhiri aliwasifu wakoloni. Walisema nia yao ni kukomesha biashara ya utumwa, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Hata hivyo aliyeshika ufunguo wa ghala ndiye aliyeishika nchi. Mwafrika aliruhusiwa gumegume na baruti ya kawaida. Bunduki yenye shabaha ilibaki kwa aliyeandika mkataba. Ndiyo sababu mpaka leo wazee wengi wakisikia neno usajili wa silaha wanaona mkono wa kunyang'anya. Serikali inayotaka daftari lake liaminiwe ijue inatembea juu ya kumbukumbu hiyo.

Hoja ya tatu: kwetu karatasi hutangulia chuma.

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo wengi wetu tunapopotea. Sheria inayotuongoza ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Marekani mtu anaweza kuichagua bunduki kwanza na kukaguliwa baadaye, pale kaunta. Tanzania hakuna kulipia kwanza na kuomba baadaye. Mwombaji huanzia chini kabisa, kwenye kijiji au mtaa wake, kwa watu wanaomjua. Ombi lake hupita kwenye kamati za ulinzi na usalama, ngazi kwa ngazi, na kwa Jeshi la Polisi, mpaka apate kibali. Akishakuwa na kibali ndipo anaenda kwa muuza silaha aliyeidhinishwa, ananunua ile iliyoruhusiwa, na namba yake inaingizwa kwenye leseni yenye jina lake.

Mtaniambia njia hiyo ni ndefu. Ni ndefu kweli, na nitalirudia hilo. Lakini ina kitu kimoja ambacho mfumo wa kompyuta wa FBI hauna: mwenyekiti wa kitongoji. Kompyuta inajua kama mtu amewahi kufungwa. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kama mtu huyo anampiga mkewe, kama akilewa anatafuta ugomvi, kama ana kesi ya mpaka wa shamba na kaka yake. Hiyo ndiyo nguvu ya utaratibu wetu. Ikiwa barua ya mtendaji inaandikwa kwa soda na nauli, basi tumeitupa nguvu hiyo sisi wenyewe, na hakuna mtandao wa kulaumiwa.

Sasa suala la kuhamisha umiliki. Hapa Mpanda kila mtu anaijua habari ya pikipiki. Pikipiki inauzwa mara nne, na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza aliyeinunua Tabora, ambaye pengine alishahamia Dodoma. Wakati wa ajali ndipo watu wanaanza kumtafuta. Kwenye pikipiki tumelizoea jambo hilo, vibaya. Kwenye bunduki haliwezekani hata kidogo. Leseni ni ya mtu huyu kwa silaha hii. Ukimuuzia jirani mkono kwa mkono, hata mkiandikiana mbele ya mashahidi wawili na mjumbe, wote wawili mmevunja sheria: wewe umetoa silaha kwa asiye na kibali, naye anamiliki bila leseni. Njia ni kwamba mnunuzi naye aombe kibali chake tangu kijijini, na silaha ihame kupitia polisi au muuza silaha aliyeidhinishwa.

Kosa hilo si la faini ndogo. Kumiliki silaha bila kibali kumewekwa kwenye jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200, ambayo tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 inazungumzia kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi 30. Ndiyo maana mtu aliyekamatwa na gobore moja anasomewa shitaka la uhujumu uchumi, na ndugu zake pale mahakamani wanashangaa mtu wao amehujumu uchumi gani.

Na wageni wa uwindaji? Swali zuri, mama. Watalii wanaokuja kuwinda kwenye mapori ya akiba ya Rukwa na Lukwati huja na bunduki zao wenyewe. Huingia nazo kwa kibali cha muda, namba zikiwa zimeandikwa, na hutoka nazo. Mgeni hawezi kumwachia bunduki kijana aliyemwongoza porini kama zawadi ya kumshukuru. Ukiahidiwa zawadi hiyo, omba darubini. (Kicheko.)

Daftari nalo linahitaji kuhakikiwa, kwa sababu watu hufa, huhama na huibiwa. Mwaka 2016 polisi waliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na Rais John Magufuli mwenyewe alihakikiwa zake. Kenya walifanya jambo kama hilo Desemba 2018, Waziri Fred Matiang'i alipowataka wamiliki wote wa kiraia wajitokeze kuchunguzwa upya. Kwa maoni yangu uhakiki wa namna hiyo ni mzuri, ila unapokuwa wa oparesheni, watu huusubiri upite. Ningependa uwe wa kila mwaka, wa kimyakimya, kama kulipa ada.

Hoja ya nne: anayekuuzia bunduki kwa WhatsApp ni tapeli au ni mtego, na pengine vyote viwili.

Hapa sichelewi. Picha ya bastola inatumwa kwenye kundi, bei ni ya kuvutia, na maneno ni yale yale: tuma nusu kwenye namba hii, mzigo utakuja na basi ukiwa ndani ya boksi la redio. Mara nyingi hakuna bastola. Kuna laini ya simu inayozimwa ukishatuma. Huwezi kwenda kituoni kushitaki kwamba uliibiwa pesa ya kununulia silaha haramu, na tapeli analijua hilo kuliko wewe. Na ikitokea bastola ipo kweli, basi imetoka mahali: kwa mlinzi aliyeporwa, kwa askari aliyeuawa, ng'ambo ya ziwa kwenye vita. Ukiipokea, unairithi na historia yake yote. Nchi zetu zilisaini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, Tanzania ikiwemo, na moja ya mambo yake ni kwamba kila silaha itiwe alama inapotengenezwa na tena inapoingizwa nchini. Iliyofutwa namba inajieleza yenyewe.

Hoja ya tano: bunduki ya Katavi haikutoka mtandaoni. Imetoka kwa fundi.

Ndugu zangu, sasa tuzungumze nyumbani. Gobore halina kiwanda, halina namba, halina risiti. Linatengenezwa na fundi ambaye mchana anachomelea majembe na mikokoteni, na wateja wake wanamjua kwa jina. Hakuna muuza silaha anayeliandika, hakuna mpaka linaouvuka, hakuna tovuti inayoliuza. Ukiweka mfumo bora wa kielektroniki duniani, gobore litapita chini yake bila kuinama.

Nani analinunua? Kuna jangili, na sitamtetea. Hesabu ya ndovu wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na mfumo huu wetu wa ikolojia wa Katavi na Rukwa ulikuwa sehemu ya nchi iliyowindwa. Kweli, ndovu wengi wakubwa hupigwa kwa bunduki nzito, si gobore. Lakini nyama ya porini, ya swala na ya nyati, inayouzwa usiku kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, gobore ndilo linaloileta.

Kuna na mnunuzi wa pili, ambaye mikutanoni hatumtaji. Ni mkulima wa pembezoni mwa Hifadhi ya Katavi, hifadhi yenye kilomita za mraba 4,471, ambaye mahindi yake yakikomaa yanawavuta nguruwe pori, nyani, viboko na ndovu. Analala shambani miezi miwili akipiga debe. Shamba likiliwa anaandikiwa kifuta jasho, na akiuawa ndugu yake kinaitwa kifuta machozi. Kiwango chake hakilingani na gunia alilopoteza, na hakifiki upesi. Mtu huyu hatembei hadi ngazi ya mkoa kuomba kibali cha bunduki ya bei asiyoimudu. Anatembea hadi kwa fundi. Sihalalishi. Nasema ukitaka aliache gobore, mlango wa halali lazima uwe karibu kuliko mlango wa fundi.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza baadhi yenu. Kila silaha haramu ikipatikana mkoani, kidole kinaelekezwa Katumba na Mishamo, kwa ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Ni kweli silaha za vita zimewahi kuvuka ziwa, na polisi wanazijua njia zake. Lakini gobore la Upimbwe, hapa hapa mkoani, halikuvuka ziwa. Limechongwa Upimbwe. Kumlaumu mgeni ni njia rahisi ya kutomtaja jirani.

Tufanye nini basi?  Naomba mambo matatu, kwa uzito usiolingana.

La kwanza, na ndilo kubwa, ni ukaribu wa huduma. Wauza silaha walioidhinishwa ni wachache nchini na wengi wako miji mikubwa. Mtu wa Karema anayetaka kuhamisha umiliki kihalali anahesabu nauli ya basi, malazi na siku za kazi. Naomba Jeshi la Polisi na halmashauri zetu tano zikae zione kama huduma ya kuhamisha umiliki, kuhifadhi silaha za marehemu na kuhakiki leseni inaweza kuzunguka wilayani kwa tarehe zinazojulikana, kama kliniki ya mama na mtoto inavyozunguka. Maombi yaanzie kwenye kompyuta kama inawezekana, lakini kukutana uso kwa uso na mwenyekiti wa kitongoji kusifutwe.

La pili, shamba la pembezoni lilindwe kwa njia isiyo bunduki. Inyonga tunarina asali tangu enzi, na utafiti uliofanyika Kenya umeonyesha kwamba ndovu huogopa nyuki na kukwepa uzio wa mizinga. Tuna mizinga, tuna wafugaji nyuki wenye ujuzi. Sioni kwa nini tusubiri mradi kutoka nje.

La tatu ni msamaha. Umoja wa Afrika uliufanya Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na mpango huo umeongezewa muda hadi mwaka 2030. Serikali yetu nayo imewahi kutangaza Septemba na Oktoba kuwa miezi ya kusalimisha kwa hiari bila kushitakiwa. Kabla ya tangazo lijalo, watendaji mliopo hapa pitieni nyumba ambazo mwenye leseni ameshafariki. Mnazijua. Msiende na pingu. Nendeni na mzee wa ukoo.

Na wewe unayenisikiliza, ukiwa na bunduki ya marehemu ndani ya nyumba, usiibebe kwenye bodaboda kuja nayo mjini na usiifiche. Mwite mtendaji wako, toa kitabu cha leseni cha marehemu, na silaha ipelekwe kituo cha polisi kabla arobaini haijapita. Mtoto wa marehemu akiitaka, aombe kibali kwa jina lake.